Wasomaji Wanauliza: Haidromita na Maji Mazito ya Chumvi

Barua nyingi zilizotufikia msimu huu kutoka kwa wavunaji wa chumvi zinarudia lalamiko moja kwa sura mbalimbali: haidromita, yaani kifaa cha kupimia uzito wa maji, imesema hivi, jaruba la kuvunia chumvi limefanya vile. Kwa kuwa majibu yake yanategemeana, tumeona ni vyema kuziweka pamoja na kuzijibu katika ukurasa mmoja. Neno densiti tutalitumia kwa maana ya uzani wa kitu kwa kila kipimo cha nafasi kinayoichukua. Lita moja ya maji safi ina uzani wa takribani gramu 1000, lita ya maji ya bahari gramu 1025 hivi, na lita ya maji ya bahari yaliyokauka mpaka yakaanza kuangusha chumvi hupita gramu 1210, ambazo kwa ufupi tutaziandika 1.21. Joto tutalitaja kwa nyuzijoto, na vipimo vya Baumé, yaani namba zinazosomwa kwenye shingo ya haidromita, kwa digrii, ili mambo hayo mawili yasichanganyike.

SWALI: Ndugu Mhariri, nimefundishwa kwamba chumvi huanza kuanguka maji yakifika digrii 25 na nusu za Baumé. Juzi alasiri haidromita ilisoma 24.5 tu, nami nikaona sakafu ya jaruba imekwisha kuwa nyeupe. Alfajiri ya kesho yake maji yale yale yalisoma 25.2. Je, haidromita yangu imeharibika, au maji hukolea usiku bila jua? — Mvunaji wa chumvi, Gongoni, Kilifi.

JIBU: Haidromita yako ni nzima, na maji hayakukolea usiku kwa kiasi cha kuonekana. Kilichobadilika ni joto.

Kumbuka kwanza kifaa hicho kinavyofanya kazi. Ni tumbo la kioo lililotiwa vipande vya risasi au chuma chini ili lisimame wima, pamoja na shingo nyembamba yenye vipimo. Uzani wake haubadiliki. Ukikitia katika majimaji huzama mpaka pale ambapo majimaji kilichoyasukuma kando yana uzani sawa na wake chenyewe, kama Archimedes alivyobainisha zaidi ya miaka 2200 iliyopita. Katika maji mepesi hulazimika kusukuma mengi, kwa hiyo huzama sana. Katika maji mazito husukuma machache, kwa hiyo shingo hubaki juu. Ndiyo sababu namba kubwa zimeandikwa chini ya shingo na namba ndogo juu yake.

Sasa, jua linapoyapasha maji ya jaruba, maji hutanuka. Chumvi iliyomo ni ile ile na maji ni yale yale, lakini yanachukua nafasi kubwa zaidi, hivyo lita moja inakuwa nyepesi kidogo na haidromita inazama zaidi kidogo. Maji yenye asilimia 26 ya chumvi safi yana densiti ya 1.194 kwenye nyuzijoto 25, na 1.186 kwenye nyuzijoto 40. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, ila katika maji yaliyokolea namna hii kila nyuzijoto 18 zinazoongezeka huipunguza namba ya Baumé kwa takribani digrii nzima. Mvunaji anayeamua mambo yake kwa nusu digrii hawezi kuipuuza.

Tazama karatasi iliyo ndani ya shingo ya haidromita yako. Humo pameandikwa joto ambalo kifaa kilipimiwa kiwandani. Vingi vya Baumé huandikwa nyuzijoto 15.6, vingine 15, vingine 20. Tuchukue kwamba chako ni cha 15.6, kwamba maji yako ya alasiri yalikuwa na nyuzijoto 38, na yale ya alfajiri 27. Alasiri ulikuwa nyuzijoto 22 na ushei juu ya joto la kifaa, kwa hiyo ongeza digrii 1.2 kwenye 24.5 uliyoisoma, upate 25.7. Alfajiri ulikuwa nyuzijoto 11 na ushei juu, ongeza 0.6 kwenye 25.2, upate 25.8. Ni maji yale yale, na namba yake ni ile ile. Vipimo viwili vilivyoonekana kupingana vinakubaliana kabisa mara joto linapohesabiwa.

Huenda ukauliza kwa nini joto la mchana halikuyeyusha ile chumvi ya sakafuni, kwa vile sisi sote tumeona chai ya moto ikimeza sukari ambayo chai baridi imeikataa. Chumvi haina tabia hiyo kwa kiasi cha kutajika. Gramu 100 za maji hubeba takribani gramu 36 za chumvi kwenye nyuzijoto 25, na hata yakichemka hazifiki 40. Chumvi huanguka pale maji yanapokosa nafasi ya kuibeba, na nafasi hiyo haiongezeki sana kwa joto, ilhali namba ya haidromita inashuka kwa joto. Mambo hayo mawili ndiyo yaliyokuchanganya. Ukitaka kujua bila namba yoyote kama maji yamefika, tia punje chache kubwa za chumvi safi katika chupa ya maji hayo, utikise, uiache kwa muda. Zikiyeyuka, bado; zikibaki na pembe zake kali, yamefika.

Utaona pia kwamba chumvi ikishaanza kuanguka, haidromita hupanda polepole mno, na wavunaji wengi hudhani jua limepungua nguvu. Sivyo. Maji yanaendelea kukauka kama awali, ila chumvi ambayo ingeongeza uzito inashuka sakafuni badala ya kubaki ndani ya maji.

Kuna makosa mengine yanayoshusha au kupandisha kipimo, na katika miaka niliyofanya kazi kando ya majaruba niliyaona yakileta hasara kuliko joto lenyewe. La kwanza ni chumvi iliyoganda kwenye shingo. Haidromita iliyotolewa majini jana na kuwekwa bila kuoshwa ina ukoko mwembamba usioonekana vizuri. Ukoko huo unaiongezea uzani, inazama zaidi, nayo inasoma chini ya ukweli. Ioshe kwa maji baridi kila unapoitoa, uipanguse kwa kitambaa laini. La pili ni vipovu vya hewa vinavyoshika tumboni, ambavyo huinyanyua na kuifanya isome juu. La tatu ni pale unapochota. Baada ya manyunyu ya mvua, maji mepesi hukaa juu ya maji mazito kama mafuta juu ya mchuzi, na kuchota kwa kata juu juu ni kupima mvua. Funga chupa kwenye fimbo, izamishe hadi katikati ya kina ikiwa na kizibo chenye kamba, kisha ivute kamba.

Usiitie haidromita moja kwa moja jaruboni, kwa maana upepo wa kusi hautakupa nafasi ya kuisoma, na jaruba lenye kina cha vidole vichache litaigotesha sakafuni. Jaza silinda ya kioo au ya plastiki angavu ambayo upana wake unazidi tumbo la haidromita kwa sentimita mbili hivi, ishushe taratibu ukiishika shingo, iache itulie mbali na kuta za silinda, kisha inamisha kichwa mpaka jicho lako liwe sawa na uso wa maji. Maji hupanda kidogo pale yanapoigusa shingo. Usisome kilele cha mpando huo, bali mstari ulio sawa na uso mpana wa maji.

SWALI: Mhariri, maji yangu husoma kati ya digrii 27 na 29 kila wiki, namba ambayo ni nzuri, lakini mavuno yanapungua na chumvi inaloa ghalani hata wakati wa kiangazi. Ladha yake nayo ina uchungu. Kila maji yakipungua jaruboni ninaongeza mengine kutoka bwawa la juu. Kosa liko wapi? — Msomaji, Bagamoyo.

JIBU: Kosa liko katika kuamini kwamba haidromita inapima chumvi. Haidromita inapima uzito wa maji pamoja na kila kilichoyeyuka ndani yake, haina macho ya kutofautisha.

Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za madini yaliyoyeyuka katika kila kilo, na chumvi tunayoila ni kama robo tatu tu ya hizo, au zaidi kidogo. Mwaka 1849 mkemia Usiglio alichapisha matokeo ya kazi ya uvumilivu mkubwa: aliyakausha maji ya Bahari ya Kati hatua kwa hatua na kupima kila kilichoanguka katika kila hatua. Mpangilio aliouona ndio unaofuatwa na mashamba ya chumvi mpaka leo. Chokaa kidogo hutangulia. Kisha, kati ya digrii 13 na 16 hivi, jasi huanza kuganda. Lita 1000 za maji zinapobaki lita 100 tu, ndipo chumvi inapoanza kuanguka, kwenye zile digrii 25 na nusu. Hebu tafakari hilo: sehemu tisa katika kumi za maji zimeondoka bila hata punje ya chumvi kuonekana, ndiyo maana mabwawa ya kukolezea ni mapana kuliko majaruba ya kuvunia. Kuanzia hapo hadi digrii 29 au 30 karibu robo tatu ya chumvi yote inakuwa imekwisha anguka, na kinachobaki majini ni chumvi za magnesiamu kwa wingi, pamoja na potasiamu. Maji hayo ndiyo maji machungu.

Wewe huyatoi. Unaongeza maji mapya juu ya machungu ya wiki iliyopita, na machungu hayo hayaendi popote kwa sababu magnesiamu haigandi mapema. Kila wiki fungu lake ndani ya jaruba linakua. Haidromita inasoma 28 kwa uaminifu wote, ila sehemu kubwa ya uzito huo si chumvi tena. Punje zinazoota ndani ya maji ya namna hiyo huvikwa utando wa kloridi ya magnesiamu, ambayo huvuta unyevu kutoka hewani, na hewa ya pwani haina upungufu wa unyevu. Huko ndiko uchungu na kuloa kunakotoka. Madini joto yanayotiwa kwenye chumvi yako kwa mujibu wa sheria nayo hayadumu vizuri ndani ya chumvi yenye majimaji, jambo ambalo si la biashara pekee bali ni la afya ya mlaji.

Fungua mlango wa jaruba na uyamwage maji yote machungu yanapofika digrii 28 au 29, baada ya kurekebisha joto. Kwa chumvi itakayokwenda mezani ni afadhali 28. Mahali pa kuyamwaga pawe mbali na miche ya mikoko na mbali na mlango unaoingizia maji ya bahari, la sivyo utayaingiza tena mwenyewe. Chumvi uliyoirundika ioshe kwa maji ya chumvi safi yaliyokolea, yale ya digrii 25, wala usitumie maji baridi ya bomba, kwa kuwa yatakula mavuno yako. Anza jaruba na maji mapya, uandike katika daftari tarehe, namba, joto, na tarehe ya mwisho ya kumwaga. Namba 28 katika maji ya siku kumi na namba 28 katika maji ya miezi miwili ni habari mbili tofauti.

SWALI: Haidromita za Baumé hazipatikani madukani kwetu, na kuagiza ni gharama. Fundi wa magari jirani yangu ana kipimo cha maji ya betri. Je, kinaweza kunifaa? Na ile ya maziwa? — Msomaji, Kilwa Masoko.

JIBU: Cha betri kinaweza kukufaa kwa kadirio, kwa masharti. Tindikali ya betri iliyojaa chaji ina densiti ya 1.26 hadi 1.28, na vipimo vyake kwa kawaida huanzia 1.100 hadi 1.300, eneo ambalo linafunika safari yote kuanzia jasi mpaka maji machungu. Kuna aina yenye rangi tupu, nyekundu, nyeupe na kijani; hiyo iache, kwa kuwa rangi zake zinazungumzia betri peke yake. Tafuta yenye namba. Hata hiyo mara nyingi mistari yake imepishana kwa 0.005 au 0.010, na kwenye maji mazito tofauti ya 0.010 ni karibu digrii moja ya Baumé, kwa hiyo usiitegemee kuamua saa ya kumwaga maji machungu. Kielea chake kidogo hupenda kunata kwenye ukuta wa kioo. Gonga kwa kidole mpaka kiwe huru kabla hujasoma.

Sharti ambalo silegezi ni hili: usikiazime kwa fundi. Kifaa kilichokwisha kunyonya tindikali na risasi ya betri hakina ruhusa ya kugusa kitu ambacho watu watakula, hata kikioshwa mara ngapi. Nunua kipya, ukiandike jina la chumvi, na kisitoke shambani.

Laktomita ya maziwa haitakusaidia. Imetengenezwa kwa densiti zilizo karibu na 1.030, nayo ikitiwa katika maji ya jaruba itaelea yote juu na kulala ubavu.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sayansi. Wanafunzi wangu wanauliza digrii ya Baumé ni digrii ya nini hasa, na kwa nini tusiseme tu 1.21. — Mwalimu, Lindi.

JIBU: Antoine Baumé alikuwa mfamasia wa Ufaransa, aliyezaliwa mwaka 1728 na kufariki mwaka 1804. Mwaka 1768 alitoa namna ya kutengeneza vipimo ambayo fundi yeyote wa vioo angeweza kuirudia: tia kifaa katika maji safi, uchore sifuri, kitie katika mchanganyiko wa sehemu 15 za chumvi na sehemu 85 za maji kwa uzani, uchore 15, gawanya nafasi hiyo mara 15, kisha uendelee kushuka kwa mapengo yale yale. Ndiyo sababu katika namba ndogo digrii hukaribiana na asilimia ya chumvi, ingawa juu zaidi hutengana: maji yaliyokolea kabisa kwa chumvi safi yana asilimia 26 na ushei, lakini ni digrii 24 tu hivi.

Uzuri wa kazi yake umo katika neno mapengo yale yale. Sehemu ya haidromita iliyozama hupungua kadiri densiti inavyoongezeka, kwa uwiano wa kinyume, hivyo mistari ya densiti ikichorwa shingoni hubanana kadiri unavyoshuka kwenye namba kubwa. Mistari ya Baumé haibanani, kwa kuwa yeye alihesabu urefu wa shingo wenyewe. Waonyeshe wanafunzi haidromita za aina zote mbili kando kwa kando, wapime mapengo kwa rula. Ni somo zuri la hesabu za kinyume.

Kwa majimaji mazito kuliko maji, kanuni inayotumika sana sasa ni hii: gawanya 145 kwa densiti linganishi (densiti ya majimaji ikigawanywa kwa ile ya maji safi), kisha toa jibu kutoka 145. Densiti ya 1.21 inatoa digrii 25.2, 1.25 inatoa 29 kamili. Maji ya bahari ya 1.025 yanatoa 3.5. Vifaa vingine vya Ulaya vimetumia 144.3 mahali pa 145, na tofauti yake kwenye maji ya chumvi ni sehemu moja ya kumi ya digrii. Msigombane kwa ajili ya hiyo. Kusema 1.21 ni sahihi pia, na katika maabara ndiyo desturi.

SWALI: Bibi yangu alipima maji ya chumvi kwa yai. Je, alikosea? — Msomaji, Wete, Pemba.

JIBU: Hakukosea, ila yai lina neno moja tu la kusema. Yai bichi lililotagwa karibuni lina densiti ya 1.08 hivi, kwa hiyo likielea maji yamepita digrii 10 au 11. Baada ya hapo linaelea vile vile kwenye 15 na kwenye 25. Na yai la wiki tatu, ambalo hewa imeongezeka ndani yake, huelea mapema na kudanganya. Bibi bila shaka alijua kuchagua yai.

SWALI: Sisi tunachota chumvi katika Ziwa Katwe. Tulipewa jedwali la digrii kutoka pwani, lakini halilingani na tunayoyaona. Tufanyeje? — Msomaji, Kasese, Uganda.

JIBU: Liwekeni kando jedwali hilo, kwa kuwa ni la bahari. Maji ya ziwa lenu lililo ndani ya kreta hayakutoka baharini. Mbali na kloridi yana kaboneti na salfeti kwa wingi, pamoja na potasiamu, na chumvi hizo huganda kwa mpangilio wake zenyewe, nyingine zikiathiriwa sana na baridi ya usiku, tofauti na chumvi ya kawaida. Digrii 25 za Katwe na digrii 25 za Gongoni zina uzito sawa, lakini yaliyomo ni mbalimbali. Haidromita bado itawafaa, mradi mtunge jedwali lenu: kila aina ya punje inapoanza kuonekana, andikeni namba, joto la maji, saa na kidimbwi, kwa msimu mzima wa jua na mwingine wa mvua. Baada ya hapo namba itakuwa na maana kwenu, na itakuwa maana iliyotoka katika ziwa lenyewe.

SWALI: Nasoma uhandisi wa petroli. Mhadhiri alitaja maji ya chumvi yenye densiti ya 2.3 yanayomiminwa visimani. Maji yanawezaje kuwa mazito hivyo, na haidromita inayaweza? — Mwanafunzi, Dar es Salaam.

JIBU: Chumvi ya mezani haifiki huko, hukoma karibu na 1.20. Kloridi ya kalsiamu huyafikisha maji kwenye 1.39 hivi, bromidi ya kalsiamu kwenye 1.70, na mchanganyiko wenye bromidi ya zinki hukaribia 2.30. Hutumika kisima kikishachimbwa, pale mafundi wanapohitaji nguzo nzito ya majimaji kuzuia mafuta na gesi zisiripuke juu, lakini hawataki tope lenye vumbi ambalo lingeziba vitundu vya mwamba unaotoa mafuta. Maji angavu yasiyo na chembe huzuia shinikizo na kuuacha mwamba wazi.

Haidromita inayaweza, kwa kutumia seti ya vifaa ambavyo kila kimoja kina eneo lake finyu, kwani shingo moja ikibeba kutoka 1 hadi 2.3 mistari yake isingesomeka. Kosa dogo la densiti kwenye nguzo ya mita 3000 ni kubwa chini: upungufu wa 0.01 tu unaondoa shinikizo la takribani baa 3. Kwa hiyo joto hupimwa pamoja na densiti daima. Funika sampuli, kwa maana chumvi hizi huvuta unyevu wa hewa na kujizimua zenyewe ukiwa unatafuta kalamu. Maji yenye bromidi ya zinki huunguza ngozi na macho; vaa glavu na miwani kabla ya kufungua chupa.

SWALI: Huku Uvinza wapo wanaochemsha maji ya chemchemi ya chumvi kwa moto. Haidromita yetu ilipasuka tulipoitia sufuriani. Tunapimaje maji ya moto, na tutajuaje kwamba mpya tuliyonunua inasema kweli? — Msomaji, Uvinza, Kigoma.

JIBU: Poleni. Kioo cha haidromita ni chembamba na hakivumilii kutoka hewani kwenda kwenye maji yanayochemka. Na hata kisingepasuka, nyuzijoto 100 ziko mbali mno na joto la kifaa kiasi kwamba marekebisho yake hayaaminiki. Choteni sampuli, mwifunike ili mvuke usitoroke, muiache ipoe mpaka joto la kawaida. Ikiwa maji yalikuwa yamekolea kabisa, chumvi kidogo itaanguka yakipoa nanyi mtapoteza sehemu ya mlichokusudia kupima. Ili kuepuka hilo, pimeni kwa mizani gramu 500 za maji hayo yakiwa bado ya moto, mwongeze gramu 500 za maji safi baridi, mkoroge. Mchanganyiko ukishapoa, tafuteni asilimia yake ya chumvi kwa haidromita na jedwali, kisha mzidishe mara mbili. Kwa mfano, ukisoma 1.093 kwenye nyuzijoto 20, hiyo ni asilimia 13, na maji ya sufuriani yalikuwa na 26.

Kuhusu kuihakiki haidromita, kuna njia mbili zisizohitaji maabara. Ya kwanza: yeyusheni chumvi safi kabisa katika maji safi, mkiendelea kuongeza na kutikisa mpaka punje zibaki chini bila kuyeyuka hata baada ya usiku mzima. Kwenye nyuzijoto 25 maji hayo yanapaswa kuwa na densiti ya karibu 1.197, yaani digrii 24 hivi. Msishangae kwamba si 25 na nusu. Maji ya bahari hufika huko kwa msaada wa magnesiamu. Msijaribu kuihakiki kwa maji matupu kama namba zake zinaanzia 1.100, kwa sababu itazama yote na kugonga sakafu ya silinda.

Njia ya pili ndiyo ninayoipenda, kwa kuwa haitegemei usafi wa chumvi ya mtu. Chukueni chupa ya kioo yenye mdomo mwembamba na mizani ya kidijitali. Ipimeni tupu na kavu, kisha ikiwa imejaa maji safi hadi mdomoni, kisha ikiwa imejaa maji ya chumvi yenye joto lile lile. Tuseme ni gramu 300 tupu, 800 na maji, 905 na maji ya chumvi. Maji safi yalikuwa gramu 500 na ya chumvi 605. Gawanyeni 605 kwa 500, mpate 1.21, ambayo ni digrii 25.2. Kama haidromita inasoma 24.7 kwenye maji hayo hayo baada ya kurekebisha joto, haina haja ya kutupwa. Andikeni kwenye kasha lake kwamba inapungukiwa na nusu digrii, na kila anayeitumia aiongeze.

Rudieni kipimo cha chupa kila mwanzo wa msimu. Katika haidromita za bei nafuu, gundi ya karatasi iliyo ndani ya shingo hulegea kwa joto na karatasi huteleza, nayo ikiteleza namba zote zinahama pamoja bila mtu kutambua. Siku mnapoinunua, wekeni alama ndogo ya rangi juu ya kioo, sawasawa na ukingo wa juu wa karatasi hiyo, kisha mwiangalie kila asubuhi kabla ya kuitia majini.